Kiti cha Mkalimani

Mama mpendwa,

Kabla sijakusalimu, wacha nitoe hili kwanza, maana nikianza na salamu najijua, nitalizunguka mpaka karatasi iishe. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Si Auntie Roza, si mtu wa shuleni, na hata kwenye maombi nilikuwa nalipita haraka. Ni hivi: tangu nifike Nairobi nimekuwa nikihubiri kila Jumapili na hakuna aliyejua. Nilikuwa nahubiri mdomo ukiwa umefungwa.

Usicheke. Nitaeleza.

Sasa salamu. Hujambo Mama? Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Yule kuku mweupe alitotoa? Baba je, kikohozi cha asubuhi kimemwachia? Sisi huku ni wazima. Auntie anarudi jioni miguu imevimba kwa sababu ya kusimama akipiga pasi katika nyumba za watu, hata Jumapili, lakini hanung'uniki. Anakaa, anaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, kisha ananiuliza kama nimesoma.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Mama, simu ya Auntie inapasua sauti, na huku mtaani Kongo bati letu ndilo bati la jirani. Nikikuambia kitu, mama wa upande wa pili ndiye anajibu. Ndiyo maana nimengoja mtu anayesafiri kuja huko. Na nimeandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimenikwama kooni.

Siku niliyoingia darasani huku, mwalimu aliniambia nisome kwa sauti. Nilisoma "samba la sule" badala ya "shamba la shule", vile tunavyosema nyumbani. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao ili tusione uso wake. Tangu hapo wakaniita Samba. Nikaamua moyoni kwamba hawatanisikia tena. Ulipokuwa ukiniuliza kwa simu mbona niko kimya, nikasema mtandao ni mbaya, uamuzi huo ndio ulikuwa mtandao.

Kwa kuwa Auntie hakutaka nikae peke yangu Jumapili mchana, alinipeleka kwa maombi ya wazee hapa kwenye ploti. Mwenye ploti ni mama mzee Mkikuyu, sote tunamwita Shosh, yaani nyanya. Familia yake ilikuwa hapa tangu kukiwa mashamba. Chumba cha kwanza karibu na geti hajakipangisha, anasema amekiachia Mungu. "Huyo ndiye mpangaji wangu mmoja ambaye hanisumbui," ndivyo anavyosema.

Anayeongoza maombi ni mama wa upande wetu, mzee sana, tunamwita Dani kama tunavyoita nyanya zetu. Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka Makina, kule Kibera, kitambaa cheupe kichwani. Kiswahili chake ni cha kununua omena tu, na yeye mwenyewe anakubali. "Mungu mimi haiwezi ombea na lugha ya soko," anasema. Kwa hiyo huomba na kuhubiri kwa Dholuo. Zamani alikuwa na mkalimani, mzee mmoja Mbukusu aliyekuwa askari wa usiku, anasimama kando yake na kutafsiri ili Shosh na wengine wasikie. Mzee huyo alifariki muda mfupi kabla sijaja. Kiti chake kilibaki pale mbele, cha plastiki, cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya.

Jumapili yangu ya kwanza Dani alisema sentensi moja, akanyamaza. Akakiangalia kile kiti. Ukapita muda wa kutosha mtu kusema sentensi nzima, kisha akaendelea na ya pili. Akanyamaza tena. Nilidhani uzee umempotezea maneno. Lakini ikawa hivyo mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata vilevile.

Brayo, mjukuu wa Shosh, ndiye anapiga ngoma. Tuko naye darasa moja, na jina la Samba yeye ndiye alilileta kwenye ploti. Siku moja alichoka.

"Dani, si uendelee tu? Hiyo kiti haina mtu."

"Iko njiani," Dani akamjibu.

"Nani?"

"Kalimani. Iko njiani."

"Anatoka Kisumu na miguu ama?"

Watu wakacheka, Dani pia akacheka na meno yake machache. Shosh hakucheka. "Wewe Brayo, piga ngoma," alisema. "Mimi nimengojea stima hapa mpaka ikakuja. Mtu ndio atanishinda kungojea?"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma kabisa. Na kila Dani aliponyamaza, ulimi wangu ulitembea ndani ya mdomo. Nilitafsiri yote, Mama. Wale wazee wengine wanajua Dholuo lakini Kiswahili kinawashinda, na vijana waliozaliwa hapa hawajui Dholuo. Mimi ninazo zote mbili, kwa sababu ulinifundisha kusoma Biblia yetu ukiwa unachambua mboga, na shule ikanipa hii nyingine. Nilikuwa nazo, nikazikalia.

Dani hakuwahi kunisukuma. Tukitoka ananishika mkono tu na kuniita mwanangu: "Nyathina, umekula?" Basi. Lakini nikaanza kuona kitu. Mwanzoni sentensi zake zilikuwa ndefu, unazifuata mpaka unachoka. Polepole zikaanza kuwa fupi. Alikuwa anayakata maneno kama mtu anayemkatia mtoto nyama. Na Shosh, kabla hajapangusa kiti chake mwenyewe, alikuwa akikipangusa kile cha bluu kwa leso yake. Hapo ndipo nikaelewa ni mimi wanayemngoja.

Mimi nilizoea kungoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, moyo baridi. Wale akina mama hawangoji hivyo. Wanangoja kama wewe siku ile uliposikia tu kwamba mjomba ameonekana sokoni, ukaweka maji ya ugali jikoni kabla hajafika kwenye kona. Hawakuwa wakijaribu kujua kama nitakuja. Walikuwa wakitayarisha.

Kisha Dani akaanza kuumwa kifua. Mwanawe akatuma habari kwamba atamchukua arudi nyumbani kabisa, asirudi tena Nairobi. Jumapili yake ya mwisho aliletwa na bodaboda, akahubiri akiwa ameketi. Kila sentensi akapumzika, na kila akipumzika nilijiambia, sasa. Sikusimama. Mwishowe akafumba macho kuomba, na katikati ya maombi akataja Kamau.

Kamau ni mtoto wa Shosh, baba yake Brayo. Waligombana na mamake juu ya kuuza kipande cha hii ploti, akatoka na geti likabaki wazi. Hapigi simu. Hapa jina lake halitajwi. Shosh alifumbua macho.

"Amesema Kamau? Anasema nini juu ya mtoto wangu?"

Wazee wakaangaliana. Mama Prisca, anayeuza mandazi, akajaribu: "Anasema... Kamau... mzuri." Akakwama hapo. Brayo alikuwa ameiweka ngoma chini.

Mama, mimi nilikuwa najua. Dani alimwombea Kamau kila Jumapili niliyokuwa pale, akimwita tu mtoto wa mwenye ploti, na Shosh alikaa kando yake akiitikia amina bila kujua anaitikia nini. Na safari hii Dani hakuendelea na sentensi ya pili. Alinyoosha mkono akauweka juu ya kile kiti cha bluu, kiganja kikiangalia juu, macho yamefumbwa. Akangoja.

Sikufika kwenye kiti. Nilisimama palepale nyuma, nikashika benchi la mbele yangu.

"Anasema..." Sauti ilitoka kama ya paka mdogo. "Anasema, Bwana, nakusukuru kwa ajili ya Kamau."

Brayo akacheka, nafikiri ni mazoea tu. Shosh hakugeuka. "Brayo, funga mdomo. Mimi nasikia. Endelea, mwanangu."

Dani akasema nyingine, fupi.

"Anasema, umemlisha mahali mama yake hajui."

Nyingine.

"Anasema, umegeuza miguu yake. Yuko njiani."

Shosh alijifunika uso kwa leso. Tukaendelea hivyo, Dani neno lake na mimi langu, mpaka amina. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha bluu na mkono wa Dani uko juu ya goti langu. Sikumbuki kutembea.

Baadaye Shosh aliniambia nimuulize Dani ameanza lini kumwombea mtoto wake. Nikauliza. Dani akasema ni tangu siku walipopewa hiki chumba. Nilipotafsiri, Shosh alitikisa kichwa. "Na mimi nasema amina tu, kama redio." Akaikunja leso yake, halafu akasema, si kwangu, si kwa mtu: "Alituambia mkalimani yuko njiani, watu wakacheka. Sasa hii ya Kamau mtu ataicheka na mdomo gani?"

Brayo alinikuta kwenye mfereji nikichota maji. "Niaje. Hiyo maneno ya njiani, alisema kweli ama uliongezea?"

"Sikuongeza."

"Poa," akasema, akafuta uso na mkono wa shati, akanibebea ndoo mpaka mlangoni. Hajaniita Samba tena.

Sasa Dani yuko huko kwenu, ng'ambo ya soko, kwa mwanawe mwalimu. Nakuomba umtembelee kabla kifua hakijamshinda. Usimdanganye, Kamau bado hajarudi. Lakini mwambie Shosh siku hizi anapangusa viti viwili. Cha pili amekiweka karibu na geti, na akifika mgeni wa kukikalia anaambiwa atafute kingine. Mwambie Mama Prisca ndiye anaomba sasa, kwa sentensi ndefu sana, na mimi namvuta leso akizidisha. Na mwambie nami nimeanza kumshukuru Mungu kwa Kamau, hata siku ambazo sina uhakika. Ile "sh" siku nyingine inakuja, siku nyingine haiji. Siingoji tena.

Jumapili hii Auntie amepewa mapumziko, na anasema atakuja kwenye maombi. Hajui kitu. Atanikuta mbele. Barua hii yenyewe nimekuwa nikiiandika kwa vipande, nikisikia miguu tu naisukuma chini ya godoro.

Nisalimie Baba, asinywe maji baridi asubuhi. Nisalimie ndugu yangu mdogo, aache kupanda mpera wa watu. Nyanya mzaa Baba, mwambie jina lake nalibeba vizuri. Na mjomba fundi wa baiskeli, na mkewe aliyenifungia karanga za safari.

Mama, nasikia slipa za Auntie kwenye mawe. Zimepita kwa jirani. Mkono umeshaanza kuelekea kwenye godoro, nimeurudisha. Wacha anikute. Akiuliza hii ni nini, nitamsomea kuanzia juu, kwa sauti, na jirani naye akitaka asikie.

Binti yako,
Achieng'