Fomu ya Kitenge

Jumanne, Kashojwa

Mama Neema amerudi, na mimi siwezi hata kukaa chini kwa furaha.

Mwezi uliopita alianza kuagiza kitenge kwenye tovuti yangu, akaacha katikati. Nikampigia simu kumuuliza sababu, akanijibu: "Dada, miye nilitaka kitenge tu. Mbona unaniandikisha kama siku ile tulifika Kabazana?"

Nilikasirika. Kisha nikaijaza mwenyewe ile fomu ya kuagiza niliyoitengeneza: mwaka wa kuzaliwa, kijiji nilikotoka, watu wangapi nyumbani. Maswali yale yale niliyojibu Kabazana, siku ya kupokelewa kama mkimbizi, nikiwa na mtoto mgongoni. Nilidhani kila fomu ndivyo inavyokuwa.

Nikayaondoa, nikabakisha tu namba ya simu na fasi ya kupeleka mzigo.

Leo amejaribu mara ya pili, akamaliza kuagiza, na dada yake wa Mbarara naye ameagiza. Wateja wengine wangapi waliiacha fomu ile wakaondoka kimya, sijui.

Tangu Kabazana nilitamani mtu ayafute maswali yale. Kumbe yale ya fomu yangu ningeweza kuyafuta mwenyewe.