Bati la Mashine ya Kasense

Mjukuu wangu Oresta,

Kuna jambo ambalo hata bibi yako nilimficha mpaka tukamzika. Hapa Chanji hatujambo, mama yako amevuna ulezi, ila kifua changu kimechoka, na sitaki kufa na siri hiyo.

Uliniuliza kwa nini kiwandani kwenu ni marufuku kuwasha mashine kabla mkanda haujafunikwa. Amri kama hiyo huku kwetu ilikuja baada ya msiba. Kaka yangu Kalisti, aliyeendesha mashine ya kusaga kule Kasense, alinaswa na mkanda akafa. Matangani watu walimtazama kwa jicho la pembeni mwenye mashine, mfanyabiashara kutoka Mbeya.

"Ng'ombe wake wanaongezeka, mashine yake inakula watu," shangazi alisema. "Hiyo ni kafara, msinidanganye."

Mkaguzi alipofika aliuliza swali moja tu: "Bati la kufunika mkanda liko wapi?" Watu wakanong'ona kwamba amehongwa alisingizie bati. Akaagiza kila mashine ifunikwe, na tangu hapo sijasikia mwingine kunaswa. Lakini hakuna aliyempelekea tena yule mwenye mashine mahindi. Alihama na wanawe akiitwa mchawi, na mimi, mwalimu wa watu, nilinyamaza.

Watafute wanawe, uwaambie. Baba yao hakulitoa bati. Kalisti alilifungua mwenyewe asubuhi ile, kwa kuwa lilimchelewesha kukaza mkanda, na spana nilimpa mimi.