Njoo Useme Ulikuwa Unatania

Kijiji Kipya, njia ya Tindiga,
Kilosa.
9 Machi 1975

Mpendwa binamu Onesphory,

Mimi Gabrieli nimeingia miaka sabini na kitu. Nimewaona Wajerumani wakienda, Waingereza wakija na wakienda, nimepita nzige na njaa, na wadogo zangu wote wametangulia. Sitashindwa na mdomo wako.

Marahaba, hata kama hukuniamkia. Fausta na watoto wazima? Huko Tabora mvua ipo? Sisi tunapumua. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, maana darasa la watu wazima nimewapita hata vijana.

Shemeji yako Raheli haendi tena kisimani. Wanawake wakimwona wanainua ndoo zao na kumpisha. Chanzo ni wewe.

Siku ile ya msiba wa mdogo wangu Paulina ulisimama mbele za watu ukasema, "Jihadharini na huyu mzee! Ana majani yanakula nyama, nzi wakiisha atayapa watoto wenu!" Nami nikakujibu, "Nitaanza na wewe, una mafuta mengi." Watu wetu wa mlimani walicheka mpaka wakakaa chini. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, kutaniana msibani ni haki yetu. Lakini hapa hatuko mlimani, Onesphory. Serikali imetuchanganya na watu wa bondeni, nao si watani wetu. Hawakucheka. Waliwavuta watoto wao karibu. Wewe ukapanda treni.

Sasa wanasema mimi mchawi. Mwinshehe, jirani yangu wa ubavuni, amepeleka neno kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Timotheo. Mwisho wa mwezi ni mkutano. Nikishindwa kujieleza, majani yatang'olewa na mimi nitahamishwa tena, na sijui wapi.

Nayo majani yenyewe unayajua! Ni yale mekundu ya kinamasini kwetu, yenye umande usiokauka, mdudu akitua ananata. Hakuna mwingine katika bonde hili aliyeweza kuyaotesha. Nayalea katika vyungu vilivyopasuka, kwa mchanga na kuvumwani za mlimani, zile nyasi laini za kwenye mawe mabichi. Maji ni ya mvua tu, ya kisima yana chumvi, yanaua. Majani yenyewe yaweke juani, na chungu kisikauke chini. Nilikupa mche ukautia samadi kama mchicha, na Krismasi ukaupa kipande cha mbuzi. Mche ukaoza, nawe ukatangaza kwamba mimi mwongo. Jani dogo kama kucha utalipaje mnofu, mpumbavu wewe? Linajitafutia mbu wake.

Juzi mchana, Mwinshehe akiwa shamba la kijiji, mkewe Joha alipenya kwenye mahindi hadi jikoni kwetu.

"Babu, nipe yale majani, lakini usiseme nimekuja."

"Si ya mchawi hayo?"

"Mtoto anakohoa mpaka anatapika, Babu. Vidonge vya zahanati vimekwisha, bado anakohoa."

Ningeweza kumfukuza. Nilichemsha makavu, nikatia asali, nikampa, maana dawa ya kikohozi hakuna anishindaye toka Kilosa mpaka Mikumi. Mtoto akipona, watasema kapona mwenyewe. Akizidiwa, watasema nimemla. Umeona uliponiweka?

Kwa hiyo panda treni. Usinitumie pole wala sukari. Simama mkutanoni pale pale uliposimama, useme ulikuwa unatania na kwamba ndiyo desturi yetu. Usipokuja, nikifa usikanyage matanga yangu, utani wetu umekwisha.

Nisalimie Fausta, mtoto Kasian na wenzake, na mama yao mkubwa Yudith. Mungu akulinde njiani, ufike mzima nikuseme vizuri.

Kama unabisha, wa kushuhudia kwamba ulikuwa utani ni Petro na Hildegarda, lakini hao ni wa kwetu, hapa hawasadikiwi. Anayejua kazi ya majani yangu ni Joha, naye hawezi kufungua kinywa mbele ya mumewe. Umebaki wewe.

Ni mimi kaka yako, niliyekukasirikia,
Gabrieli