Kombaini na Zamu ya Mama

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Chama chetu cha wakulima kimepata kombaini! Inakata, inamenya, inapukuchua, yote mara moja. Nilipoolewa hapa Pap Onditi tulikata kwa panga, tukapiga magunia ya mahindi kwa fimbo hadi viganja vikatoka malengelenge. Baadaye ikaja mashine ya kupukuchua, ya kuvutwa na trekta. Hata hiyo niliiona muujiza. Mwaka jana mvua ilituozeshea nusu ya mahindi yakiwa bado shambani. Mwaka huu sikubali.

Jumatatu, 11 Agosti

Wechuli, dereva wa kombaini, amekuja kupima. Langoni haipiti. Njia ni moja tu — ipite ikikata shamba langu, lililo kando ya barabara, ndipo ifike la Mama mkwe huko nyuma. Mama amekataa. Yeye ndiye mke wa kwanza wa boma hili, na hakuna mke wa mtoto wake atakayevuna kabla yake. Nimempigia Frankline, yuko kazini Otonglo. Anasema nielewane na mamake. Mume ndiye huyo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwomba Mama akate mistari michache kwa panga, ihesabike ameanza. Amesema yeye akianza shamba analimaliza, hagusigusi. Na goti lile lake!

Alhamisi, 14 Agosti. Saa saba mchana

Kombaini ilifika asubuhi. Kesho inatakiwa Awasi. Mawingu mazito upande wa Nyabondo.

Wechuli akaniuliza, "Mama, hapa kwako nikate ama nikanyage?"

Nikikata, nimemvunjia Mama heshima. Nikikanyaga, mistari sita inalala matopeni, chakula cha watoto. Nilimchukia Mama wakati ule, sifichi. Nikasema kanyaga.

Injini ikawashwa. Mama akatoka na kikapu, akachechemea hadi mbele ya kombaini, akaanza kuvunja mahindi yangu kwa mkono.

"Nyar Kano," akaniita, binti wa Kano, kwa jina la kwetu nilikozaliwa, "unaangalia nini? Chakula haikanyagwi. Mkono ya kwanza ni yangu."

Tumemaliza mistari miwili kati ya ile sita ya njia. Wechuli amezima injini, anatazama saa. Mimi nimeingia ndani mara moja kuchukua magunia. Mahindi ya Mama bado yamesimama kule nyuma, na hajageuka kuyatazama hata mara moja. Matone yameanza. Ananiita.