Waliomwosha Mheshimiwa

Ipogolo, Iringa
14 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Shufaa,

Assalaam alaikum. Natumaini huko Maputo hamjambo, na kikohozi cha Farhan kimekwisha. Sisi tu wazima, ila mama yako mkubwa Mwanakhamisi anasumbuliwa na magoti kwa baridi ya mwezi huu.

Riwaya yako nimeisoma yote, kalamu mkononi. Makosa nimeyasahihisha pembeni. Mengi ni ya haraka, si ya ujinga. Kisa cha naibu waziri anayeuawa katika taifa lisilotimiza hata miaka kumi umekipanga vizuri. Nilifurahi mpaka nilipofika sura ya tisa.

Humo waoshaji watatu wanamvua marehemu shati na kukuta kifua kizima, na tundu la risasi kisogoni, ilhali redio imetangaza kwamba alipigwa kifuani akipambana na majambazi. Umeandika nilichokuambia katika matanga ya baba yako. Kosa ni langu. Mwoshaji husitiri alichokiona kwa maiti. Nami nilisitiri miaka mingi, kisha msiba ule ukanilegeza ulimi.

Lakini hukunitaarifu kwamba sura hiyo umekwisha kuitoa gazetini.

Jumatatu Iqbal alinipigia simu kutoka Rujewa, kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga. Siku tulipomwosha Mheshimiwa kule Mbeya, yeye ndiye aliyemwaga maji, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Mwalimu, umeniuza!" alisema. "Hata Batuli, mke wangu wa miaka yote hii, sijamwambia."

Mtu mmoja nadhifu alikuwa amefika mashineni, akaketi juu ya gunia, akanywa chai aliyokaribishwa, akauliza, "Mzee, kumbukumbu zako bado nzuri?" Iqbal akamjibu kwamba hakumbuki hata alichokula asubuhi. Yule akacheka. "Endelea hivyo hivyo, mzee wangu." Tangu hapo Iqbal hajawasha mashine.

Juzi mtu huyo huyo akafika kwangu. Aliniamkia kwa adabu, akavua viatu, akanionyesha gazeti. Jina lake hakulitaja.

Yule aliyetembea nyuma ya Mheshimiwa siku alipopigwa risasi unamjua, nami jina lake sitaliandika hapa. Amekwisha kufa, lakini wanawe ni watu wakubwa.

"Mwalimu, hawa watatu ni akina nani?"

"Tulikuwa wawili, mwanangu. Mimi na Mzee Mbarouk, naye tulimzika zamani."

Akaandika. "Na kijana wa maji?"

"Hakukuwa na kijana."

Akavaa viatu vyake, akaaga. Kila gari likipunguza mwendo hapa barabarani, Mwanakhamisi hunitazama, nami hujifanya nasoma.

Nimesema uongo nikiwa na miaka themanini na mbili, na sasa kitabu chako kisinisute. Muswada nimempa jirani yetu Evarista, atautuma kutoka Dar es Salaam. Usinipigie simu.

Sikuombi uliondoe tundu la kisogoni. Liache, maana ni kweli. Mwondoe mtu wa tatu. Waoshaji wawe wawili, na mmoja awe amekufa. Yule aliye hai mfanye mwalimu, umweke Ipogolo, ili asitafutwe mtu kwingine.

Msalimie mumeo, na umbusu Farhan. Mwanakhamisi anawasalimu nyote, haya sijamweleza. Mwenyezi Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Baba yako mkubwa, anayekupenda na kukuhofia,

Halfani