Mashati ya Askari Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni

Karakana ya ushonaji imefungwa mapema. Msimamizi kateremsha mlango wa chuma, akatugawia kazi za kufanyia nyumbani. Mimi nimepewa furushi la mashati ya askari, bado vifungo na kamba za mabegani. Nikauliza, lazima leo? Akasema chukua dada, nenda. Anaogopa kuliko sisi.

Barabara kuu imejaa watu na mabango. Nimepita vichochoroni. Ubalozi wetu umetuma ujumbe: kaeni ndani, msipige picha, msibishane na mtu. Mama mwenye nyumba kaongeza la kwake — njiani nisifungue mdomo. Eti lafudhi yangu inanitangulia kama king'ora.

Dada kapiga simu kutoka nyumbani. Nimemwambia huku shwari. Uongo mtupu.

Jumanne, 4 Juni

Mabomu ya machozi. Moja limeangukia uani. Moshi umepenya hadi chumbani, macho yakawaka kama yamepakwa pilipili. Mama mwenye nyumba kanivuta hadi kwenye korido, mbali na madirisha, tukakaa sakafuni na taulo zilizolowa usoni. Miguu imemvimba, hawezi kukunja magoti. Akaanza kucheka. Eti tangu mumewe afariki hajapata kulia kiasi hiki. Nikacheka naye huku nakohoa.

Halafu risasi. Tukalala chini.

Jumatano, 5 Juni

Karakana imeungua.

Kanipigia Mikasi, mkataji wetu. Sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni, pengine ndivyo. Jana askari wameua watu sokoni. Leo wenye hasira wamechoma karakana yote — wanasema pale ndipo wauaji wanaposhonewa nguo. Sasa wanapita nyumba hadi nyumba kutafuta mafundi. Akauliza, lile furushi unalo? Nikasema liko chini ya kitanda. Akasema: liondoe. Simu ikakatika.

Niliondoe nilipeleke wapi? Nikilitupa, kila dirisha lina macho. Nikilichoma, moshi utaniitia watu. Nikikutana na askari ninalo mkononi, watasema nawapelekea waandamanaji sare wajifiche ndani yake. Nimekaa kitandani, juu ya mashati.

Baadaye — nimemwambia mama mwenye nyumba. Ilibidi. Nyumba ni yake, wakija ataungua na yeye. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema nimeleta moto chini ya dari yake nikakaa kimya. Nikasema nisamehe mama. Akatoka. Nikaanza kukunja nguo zangu, maana nilijua ndiyo nafukuzwa.

Akarudi na nyembe mbili.

"Fumua," akasema.

Alhamisi, 6 Juni

Tumefumua tangu alfajiri. Kola, mifuko, mabega. Nembo tumezikatakata tukazitumbukiza chooni kidogo kidogo. Kitambaa tumekiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo hadi kikapauka, kisha nimekiunga shuka, kwa mkono, kwa sababu cherehani yake inapiga kelele kama trekta. Mishono ya aibu. Mikasi angeiona angenikana. Nimempigia, hapatikani.

Mchana wakaja wale wanaosaka mafundi. Nikajitupa kitandani, nikajifunika shuka lile lile hadi kidevuni, halijakauka hata. Mama mwenye nyumba akafungua. Wanaume, na mwanamke mmoja mwenye nondo. Huyo ndiye aliyeingia chumbani. Kaangalia chini ya kitanda. Kalishika shuka.

"Mbona bichi?"

"Homa," mama akajibu. "Binti yangu huyu. Jasho hilo. Na tangu mabomu ya juzi hasemi."

Akaniinamia. Akaniuliza jina langu. Nikatazama ukuta. Nilisikia pumzi yake shavuni. Akakaa hivyo, sijui muda gani, kisha akasema pole mama, akatoka. Wakapanda ghorofa ya juu.

Nilikuwa nimelowa kweli. Na si jasho.

Ijumaa, 7 Juni

Naandikia ndani ya basi. Ubalozi umetuita asubuhi tuje uwanja wa shule: pasipoti, begi moja, raia na jamaa zao wa karibu. Mama mwenye nyumba akasema huendi peke yako, utajibu nini ukiulizwa? Tumetembea mkono kwa mkono. Kwenye vizuizi anaongea yeye, mimi bubu. Kila kona anaegemea ukuta, apumzishe miguu.

Getini mtu wa ubalozi akauliza, huyu nani wako? Nikasema mama yangu. Akatutazama, hatufanani hata kope. Akaandika.

Nikamwambia mama, panda tuondoke, mambo yakitulia utarudi. Wale wa jana watarudi. Jirani mmoja akiropoka tu, basi. Akanishika shavu.

"Haya mwanangu. Nishikie kiti. Nimeacha dawa zangu za presha mezani, nikazichukue."

Nikataka kumfuata. Akasema, sasa wewe ukitoka, kiti atatushikia nani?

Nimeweka begi kwenye kiti cha pembeni yangu. Basi limejaa, watu wamesimama. Risasi zimeanza, upande wa mtaani kwetu. Simu yake inaita, haipokelewi. Mtu wa ubalozi amepita tena: mama yako vipi? Nimesema yuko njiani.

Sasa ndiyo nakumbuka. Kwenye kizuizi cha mwisho alimeza kidonge cha presha mbele yangu. Alitoa kikopo mkobani, akakifunga, akakirudisha mkobani.

Dereva amewasha injini. Kuna mjamzito amesimama hapa karibu, ameshika chuma kwa mikono miwili, anakitazama kiti. Begi sijaliondoa —