Mbambu, Niondolee Lile Duara

Mbambu, mjukuu wangu mpendwa,

Mpendwa bado wewe, lakini leo kaa chini usikie. Simu yangu hupokei, na ukipokea unamwambia bibi yako, "Niko bize, Mukaka, nitakupigia." Hupigi. Basi nimemkalisha katekista mezani kwangu, nikamwambia aandike ninavyotamka, asinilainishie hata neno moja. Akimaliza ataisoma mbele ya watu wote wa nyumba hii kabla ya kukutumia, maana lililofanyika lilifanyika mbele yao.

Unakumbuka ulivyofika hapa Bwera siku tunamzika babu yako? Ulikuja na ile kamera yako ya macho mawili, moja linatazama mbele, lingine nyuma. Njia ya Congo ilikuwa haipitiki, na shangazi yako Biira, binti yangu aliyeolewa Butembo, alikuwa analia kwenye simu kwamba baba yake anaingia udongoni yeye hayupo. Ukaichukua simu mkononi mwangu ukamwambia, "Shangazi, nitakutengenezea video ya kuzunguka pande zote. Utageuza simu huku na huku, utakuwa kama umesimama hapa na sisi." Nilikukumbatia mbele ya wageni. Nilisema moyoni, kumbe nimelea mtu.

Ukaisimamisha kamera kwenye stendi, upande wa kichwa cha kaburi. Upepo ukashuka kutoka mlimani, stendi ikaanza kuyumba. Ukasema kamera hii haina mgongo, inaona kila kitu, kwa hiyo anayepiga lazima ajifiche. Kabla hujakimbilia nyuma ya jiko ukaniambia mimi, mjane, mwenye haki ya kukaa kwenye mkeka wa mbele: "Mukaka, kaa hapo chini ushike miguu ya stendi. Usisimame mpaka tumalize."

Nikakaa kwenye udongo. Watu wakapita mmoja mmoja kumtupia mzee udongo wake wa mwisho. Mimi sikutupa, Mbambu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye vyuma vyako. Wake wa shemeji zangu wakaniinamia, "Mama, njoo umuage mumeo." Nikawajibu, "Niacheni. Nikiachia hapa, Biira ataanguka."

Kesho yake ulifungua laptopu kwenye meza hii hii, mimi nikachambua maharagwe kando yako. Picha ilipotokea, nyumba yetu ilikuwa imepinda kama ndizi, na kaburi limevutwa refu kama barabara. Nikapiga kelele, "Umeharibu!" Ukacheka. "Tulia, Mukaka. Ndiyo kwanza nafungua mradi. Programu bado haijaambiwa kwamba picha hii ni ya mviringo, kwa hiyo inaitandaza kama ngozi ya mbuzi." Ukabofya, nyumba ikanyooka. Ukaunganisha jicho la mbele na la nyuma, na mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyesimama pale panapoungana, akatoka na mikono mitatu. Tulicheka mpaka waombolezaji wakachungulia mlangoni. Nikakuambia, "Muache hivyo hivyo, atapokea zawadi nyingi."

Halafu ukaniuliza, kwa upole kabisa, "Mukaka, mbele iwe wapi? Shangazi akifungua aanze kuona nini?" Nikasema kaburi. Ukauzungusha ulimwengu wote ule mpaka kaburi likakaa mbele. Ndiyo maana hasira yangu haitulii. Unajua kuniuliza. Uliniuliza mbele ni wapi, ila kuhusu chini hukuniuliza.

Ukaenda Kampala kumalizia. Ukamtumia Biira. Akanipigia, na Kiswahili chake cha Congo.

"Mama, naona batu yote. Weye uko wapi?"

"Niko chini, mwanangu. Tazama chini."

Akainamisha simu. "Hapa chini iko duara nyeusi na jina ya Mbambu."

Jina la biashara yako! Juu ya kichwa changu! Nikamweleza habari za stendi na upepo, akanikata. "Usinidanganye, Mama. Nimeona na macho yangu. Hata udongo haukumutupia Baba."

Unajua maneno aliyokuwa amelishwa na wasengenyaji. Kwamba mwaka jana niligombana na babu yako nikaenda kwa kaka yangu, huko Nyakiyumbu. Kweli nilienda. Nikarudi mwenyewe, nikamwogesha na kumlisha mpaka pumzi yake ya mwisho. Safari ya kwenda ilimfikia Biira huko Butembo, ya kurudi hakuna aliyemsimulia. Sasa video yako ndiyo shahidi wao. Tangu siku ile binti yangu hapokei simu yangu.

Na wewe nilipokulalamikia, ulisema nini? "Mukaka, ni kawaida. Stendi haipendezi, kila mtu anaifunika." Stendi! Mimi nina miguu mitatu? Uliniona pale kwenye laptopu, nimejikunyata, kitambaa kimenianguka shingoni, ukaona uchafu wa kufunika. Mtoto mjinga wee. Ningekuwa karibu ningekuchapa na mwiko, kisha ningekupa chakula.

Nimekwenda Kasese kwa fundi mmoja wa video za harusi, nikamwonyesha. Akasema duara ni tabaka tu, limewekwa juu kama kitambaa juu ya sahani. Kama hujautupa mradi wako na picha zake za kwanza, linaondoka, na mimi bado niko chini yake. Nilitoka dukani mwake nikaja moja kwa moja kumwita katekista.

Basi ufungue huo mradi. Leo, kabla ya video za watalii wako. Toa hilo duara, umtumie shangazi yako, na umwandikie kwa mkono wako kwamba ainamishe simu. Usinisafishe uso. Usinifute kamasi. Acha stendi, acha vumbi, acha mikono yangu ilivyokaza. Aone mama yake alikuwa wapi. Mimi sikumtupia mume wangu udongo kwa sababu nilikuwa nimemshika binti yake asianguke.

Nakupenda kwa hasira yote hii. Kula vizuri.

Mukaka wako,
mjane wa babu yako, mama wa Biira